Maji ya Karibu

Jua lilikuwa limesimama juu ya chanja, na Gloriose alikuwa anageuza dagaa wa Bi Zuhra kwa mikono miwili, upande huu na upande ule, wasije wakagandana na wavu. Ilikuwa katikati ya kiangazi. Shule zilikuwa zimefungwa, upepo wa kusini ulikuwa umelivimbisha ziwa tangu asubuhi, na watoto wote wa mwalo ule mdogo wa wavuvi, ule unaoukuta ukiipita Kibirizi kuelekea kaskazini, walikuwa majini kama kawaida yao. Gloriose aliinua kichwa kufuta jasho, akamwona msichana amesimama kwenye maji ya kiuno. Alikuwa amewashika watoto wawili wa Leonia, mwanikaji mwenzake, mmoja mkono huu na mwingine mkono ule, anawarudisha ufukoni.

Msichana yule alikuwa binti yake, Kaneza, aliyekufa maji akiwa na miaka minne.

Juu ya kufa kwake hapakuwa na ubishi. Alizikwa siku ya Alhamisi kwenye makaburi ya mlimani, mtaa mzima ulikuwepo, na waliokula wali wa msibani wengine walirudia sahani. Ila miaka kumi ilikuwa imepita, na Kaneza hakuitumia bure. Alikuwa amekua. Sasa alikuwa binti mrefu mwenye mwanya wa mama yake na shingo ndefu ya baba yake, Protais. Gloriose alijipangusa magamba ya dagaa kwenye kitenge akashuka mchangani.

"Kaneza."

"Karame, mama," binti akaitika, kama wanavyoitika watoto wa Kirundi waliolelewa wakaleleka.

"Umekuwa mrefu."

"Ego," akakubali kwa Kirundi.

"Toka huko uje ule. Kuna ugali wa muhogo na kipande cha samaki, mgebuka."

Kaneza alijaribu. Alitembea hadi pale mchanga unapoanza kukauka, na vidole vyake vya miguu vikageuka maji, vikanywewa na mchanga. Akarudi nyuma hatua moja, navyo vikarudi.

"Mwisho wangu hapa," alisema. "Wala sikuja kula. Nimekuja kuwazuia hawa. Kila kiangazi naletewa wengine huko chini. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo naambiwa niwabembeleze. Wanawalilia mama zao, hawanyamazi. Nimechoka, mama. Mgongo wa kubebea sina tena."

Gloriose alimwelewa. Alimuuliza kama ni wengi. Kaneza aligeuka akatazama ziwa, kama mtu aliyeacha chungu motoni, akasema ni wengi, na kwamba wengine walikuja wadogo mno hata kutaja majina yao hawawezi.

Ni vizuri ijulikane Kaneza mwenyewe alikufaje, kwa kuwa mtaa ulikuwa na maelezo yake.

Bi Zuhra, mwenye chanja zile na mwenye boti, alikuwa na sheria moja tu pale kwenye eneo lake la kuanika: mtoto haingii. Mtoto anakanyaga dagaa, mtoto anakojoa, na wanunuzi wanaotoka ng'ambo wakiona unyayo wa mtoto kwenye wavu wanaondoka. Kwa hiyo mwanamke aliyekuja kuanika na mtoto wake aliambiwa na msimamizi amweke kule. Kule ni wapi, msimamizi hakufafanua, lakini upande mmoja wa chanja kuna barabara ya pikipiki na upande wa pili kuna Ziwa Tanganyika. Akina mama walichagua ziwa, kwa sababu angalau ziwa halipigi honi.

Siku ile lilitanda wingu la ghafla, na Bi Zuhra akapiga kelele dagaa wote wakusanywe kabla hawajalowa. Gloriose alikusanya. Alikuwa ameinama, mgongo ameupa ziwa, na nyuma yake Kaneza akaingia kunawa mchanga. Ufuko ule una tabia yake: unatembea hatua chache maji yakiwa magotini, halafu chini panakatika kama ukingo wa meza. Kaneza hakupiga kelele. Wingu nalo lilipita bila kudondosha hata tone.

Msibani mwenyekiti wa mtaa, Mzee Haruna, alizungumza kirefu juu ya uzembe wa akina mama wa siku hizi. Bi Zuhra alileta sukari, akasema yeye hajawahi kumkataza mtu kumtazama mwanawe. Protais alisikiliza yote hayo, akaona yanamhusu mke peke yake, na kabla matanga hayajapoa akahamia Mwamgongo kwa mwanamke mwingine. Watu wakaacha kumwita Gloriose Mama Kaneza. Walimwita jina lake tupu, kama mtu asiyewahi kuzaa.

Sasa wiki ile Kaneza alipoanza kusimama majini, walirudi kumwita Mama Kaneza. Wa kwanza alikuwa Bi Zuhra.

"Mama Kaneza," alisema, akiwa amesimama mbali kidogo ili viatu vyake visilowe, "binti yako ana adabu sana. Hongera kwa malezi."

"Ahsante, Bi Zuhra."

"Mwambie na kesho aje. Wajukuu zangu wanakuja kutoka Ujiji, na yule dada wa kazi nimemrudisha kwao."

Habari zilienda haraka. Kwanza waliwaleta watoto wao wale wanaoanika, na wao hawakuwa na pengine pa kuwaweka. Leonia aliwaleta watatu: Winfrida, Yunisi, na wa mwisho, Ciza, mtoto wa kiume wa miaka mitatu mwenye kitovu cha kuchomoza, ambaye hakuogopa kitu chochote duniani isipokuwa kuku. Halafu wakaanza kuja wenye pa kuwaweka. Walishuka kwa bajaji kutoka mjini, wakawavua watoto viatu, wakawasukuma mgongoni kuelekea majini, wakaenda sokoni, saluni, kikaoni. Baba mmoja alimwachia Kaneza mapacha pamoja na mbwa. Wengine walikaa pale pale ufukoni, kwenye kivuli, migongo imegeukia ziwa, wakila karanga na kutazama simu.

Kaneza hakuwahi kulalamika, ila alijaribu kuwaambia.

"Kaeni karibu," alisema. "Kaa mahali ambapo ukinyoosha mkono unamgusa. Na msisubiri wapige kelele. Hawapigi kelele. Mimi sikupiga. Mdomo ukijaa maji kelele inatokea wapi?"

Wakasema kweli kabisa, binti ana akili, halafu wakahama kwenda kwenye kivuli kizuri zaidi kilichokuwa mbali zaidi.

Padri na shehe waliulizwa, kila mmoja kwa wakati wake. Padri alisema marehemu anaombewa, hapewi kazi. Shehe alisema karibu yale yale. Walishukuriwa wote wawili, wakasindikizwa hadi barabarani, na kazi ikaendelea.

Protais naye alikuja, kwa boti ya abiria kutoka Mwamgongo, amevaa shati jeupe. Alisimama ufukoni akamtazama binti yake muda mrefu, na Gloriose, kutoka kwenye chanja, alidhani analia. Kumbe alikuwa anapima.

"Mwanangu," alisema, "huko chini si unawaona dagaa wanakolala?"

"Nawaona, baba."

"Basi usiku wasogeze kidogo upande wa Mwamgongo."

Kaneza alimwambia usiku huwa ana watoto wa kulaza. Protais alisikitika kwamba mtoto amelelewa na mama peke yake bila sauti ya baba, akapanda boti ya mchana, akaondoka.

Mzee Haruna aliitisha mkutano. Kabla Kaneza hajarudi, mtaa ulikuwa umeshakubaliana kujenga banda la watoto juu ya ufuko, lenye uzio wa mianzi, na kumweka humo mama mmoja wa kuwaangalia wakati wenzake wanaanika. Mbao zilishaletwa. Zilikuwa zimelala nyuma ya ofisi ya mtaa kiangazi cha pili sasa, zikingoja mtu azipigilie misumari. Haruna alisimama akaeleza kwamba, kwa bahati nzuri, jambo hilo limejimaliza lenyewe. Mlinzi amepatikana, hali chakula, hahitaji banda, na ni mwenyeji. Watu wakapiga makofi. Mbao zikatumika kutengeneza jukwaa la mgeni rasmi.

Mgeni rasmi alikuja kuzindua kibao. Kilikuwa kibao kikubwa cha bati, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: MZAZI, MTOTO WAKO NI JUKUMU LAKO. Mafundi walikisimika kikitazama ziwani, kwa sababu upande ule ndiko alikosimama mpiga picha, na tangu siku hiyo kilisomwa na Kaneza peke yake. Mgeni rasmi alimvisha pia reflekta ya njano, ile wanayovaa bodaboda. Alilazimika kuitupa, maana hakutaka kuingia majini. Kaneza aliidaka akaivaa juu ya gauni lake. Gloriose alikuwa nyuma ya umati na beseni lake kichwani. Alitaka kujisikia fahari, akashindwa. Alikuwa anafikiria kwamba mwanawe hajakalia kitu tangu asubuhi.

Jioni, watu walipoondoka na watoto wao, au na wale waliowakumbuka, Gloriose alikuwa anashuka na kigoda chake na sahani, anakaa pale mchanga ulipolowa, anamsuka Kaneza nywele. Zilikuwa hazikauki na zilinukia kuvu la mawe, lakini zilisukika. Kaneza alikuwa anakaa majini, mgongo ameuegemeza kwenye magoti ya mama yake.

"Wanakutuma sana," Gloriose alisema jioni moja.

Ilikuwa kweli. Walianza na ndoo iliyochukuliwa na wimbi. Ikafuata simu ya kijana mmoja, halafu nyavu zilizonasa kwenye mawe, halafu hereni. Wanawake wengine walikuwa wanamwachia na sufuria za kuosha, kwa kuwa alikuwa tayari yuko majini.

"Naona aibu kuwakatalia," Kaneza alisema. "Ni watu wazima."

"Kataa. Waambie mama amekukataza."

"Watasema nini?"

Gloriose alijua watasema nini. Alimaliza msuko wa mwisho akaufunga na uzi.

Siku ya injini ilikuwa siku ya soko. Mashua kubwa ya Bi Zuhra ilikuwa inaondoka kwenda kupakia, nahodha hakuwa ameikaza injini vizuri, na wimbi la kwanza kubwa likaichomoa nyuma ya mashua na kuizamisha pale pale penye kina. Nahodha alitukanwa. Kisha Bi Zuhra akakumbuka, akashuka haraka ufukoni, na safari hii alikanyaga maji na viatu vyake.

"Binti, njoo. Injini yangu imeingia hapo mbele. Nenda kaichukue."

"Bibi, nina watoto," Kaneza alisema. Walikuwa wamemzunguka kama vifaranga, na Ciza alikuwa amening'inia kwenye reflekta yake.

"Dakika mbili tu."

"Pale si pa dakika mbili. Pale ni mbali sana kwenda chini."

Mzee Haruna alisogea. "Kaneza," alisema kwa sauti ya upole ambayo hutumiwa na viongozi wakiwa wamekasirika, "mtaa umekuheshimu. Umepewa sare. Watoto wapo na sisi hapa. Kwani sisi hatuna macho?"

Kaneza alimtafuta mama yake kwa macho. Gloriose alikuwa juu kwenye chanja, ameinama. Basi akamchomoa Ciza vidole kwenye reflekta, akampeleka mchangani, akamwambia Winfrida amshike, akaingia chini.

Watu walijaa ufukoni kuona injini inavyotoka. Walikuwepo Haruna, Bi Zuhra, nahodha, wapakiaji, akina baba wa mjini na simu zao wakirekodi. Walikuwa watu wazima wa kujaza basi na wengine kubaki. Wote walikuwa wanatazama maji kwa makini kabisa, yale ya mbali, pale injini ilipozama. Maji ya karibu, yale yaliyokuwa yanawalamba miguu, hakuna aliyekuwa na kazi nayo. Winfrida alikuwa na miaka sita, na yeye pia alitaka kuona injini. Ciza alimponyoka, akapita katikati ya miguu ya wanaume, akaenda kumtafuta Kaneza kule alikomwona akiingia. Alitembea hatua zake chache maji yakiwa kifuani, kisha chini pakakatika. Mtu mmoja alihisi kitu kinamgusa nyuma ya goti, akadhani ni mbwa wa wale mapacha, akakisukuma kwa mguu bila kugeuka.

Kaneza alitokea jua likiwa limeshaanza kulala. Kwa mkono mmoja alikuwa amebeba injini, na kwenye mkono wa pili alikuwa amembeba Ciza, kichwa kimelala begani. Alikutana naye njiani, yeye akipanda, mtoto akishuka.

Waliipokea injini kwanza, kwa sababu ilikuwa nzito.

Leonia alisikia kelele za kushangilia injini, akanyoosha mgongo kule kwenye chanja, akatazama. Gloriose alitazama pamoja naye. Yeye aliona kabla ya Leonia, kwa sababu alikuwa anakijua kile kichwa kinavyolala kikiwa hivyo. Alimshika Leonia kiunoni kwa nguvu zake zote kabla mguu wake haujanyanyuka, na walishuka hivyo, wameshikana, dagaa wakimwagika kila walipopita. Msimamizi aliwaonya kuhusu dagaa.

Ciza alizikwa kesho yake. Haruna alizungumza kirefu. Bi Zuhra alileta sukari. Na siku iliyofuata, Kaneza alipotokea majini asubuhi, alikuwa amempakata Ciza kiunoni, naye mtoto amekishika kile kipande cha reflekta kinachong'aa, anakikwaruza kwa kucha. Alikuwa halii. Hakuna aliyeuliza amefikaje. Wote walikuwa wamemzika, walijua.

Mkutano ulifanyika ufukoni, kwa kuwa mtuhumiwa asingeweza kufika ofisini. Viti viliwekwa mchangani, Kaneza akasimama mbele yao kwenye maji ya magoti. Leonia hakuwepo, alikuwa amelala kwenye mkeka nyumbani, wanawake wamemzunguka.

"Tulikuamini," Haruna alianza. "Mtaa ulikupa dhamana. Ukaacha lindo."

"Mlinituma, mzee," Kaneza alisema.

"Sisi tulikutuma injini," Bi Zuhra akasema. "Kuna mtu alikutuma uache watoto? Nani alisema acha watoto? Ajitokeze."

Hakuna aliyejitokeza.

"Mimi nasema ukweli," Bi Zuhra akaendelea, akiwageukia wenzake, "haya mambo ya uzembe yako kwenye ukoo. Tulimzika huyu kwa uzembe wa mama yake, na leo tumemzika mtoto wa watu kwa uzembe wake."

Gloriose alikuwa amesimama nyuma, pamoja na wanawake wa chanja, ambao hawakupewa viti. Miaka kumi alikuwa amenyamaza. Alinyamaza msibani, alinyamaza Protais alipofunga begi, alinyamaza kila alipoitwa kwa jina lake tupu. Alipita katikati ya viti, akasimama mbele ya Bi Zuhra.

"Bi Zuhra, siku mwanangu anakufa nilikuwa nakukusanyia dagaa."

"Najua. Na nilikulipa."

"Siku mwana wa Leonia anakufa, Leonia alikuwa anakuanikia dagaa. Wewe ulikuwa wapi? Mzee Haruna, wewe ulikuwa wapi? Mlisema mna macho."

Haruna alikohoa. "Mama Kaneza, tulikuwa tunashughulikia jambo lingine."

"Alipita katikati ya miguu yenu."

"Ndiyo sababu tunasema palihitajika mlinzi," Haruna alisema, na watu wakatikisa vichwa kwa jinsi mwenyekiti alivyojua kujibu.

Gloriose aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa ametegemea kwamba maneno yale, aliyoyabeba muda wote huo, yakitoka yatavunja kitu. Hayakuvunja hata kimya cha mkutano. Mtu mmoja alipiga miayo. Nahodha alikuwa anatazama saa.

Uamuzi ulisomwa. Kwa kuwa ni kosa la kwanza, Kaneza alipewa onyo kali. Kuanzia hapo angefika asubuhi zaidi na kuondoka jioni zaidi. Halafu Bi Zuhra akanyoosha kidole kuelekea kiunoni kwa binti.

"Na huyo mtoto asije naye. Atalindaje watoto wa watu huku amebeba? Kazini haji mtu na mtoto."

Jambo hilo lilionekana la msingi, likapitishwa kwa kunyoosha mikono.

"Nimweke wapi?" Kaneza aliuliza. "Nikimwacha kule chini analia, na akilia wanalia wote."

"Hilo la kwako," akaambiwa.

Gloriose aliinama, akavua ndala, akaingia majini na kitenge chake hadi kiunoni. Alimchukua Ciza kutoka mikononi mwa binti yake, akamweka mgongoni, akamfunga na khanga aliyokuwa amejifunika mabegani. Mtoto alikuwa mzito na wa baridi, kama blanketi lililotolewa kwenye maji ya kufulia, akatulia mara moja. Kaneza aliinyoosha mikono yake yote miwili, akaikunja, akainyoosha tena.

"Dagaa wako kesho utageuza mwenyewe," Gloriose alimwambia Bi Zuhra, bila kugeuka.

Bi Zuhra hakukosa watu. Asubuhi yake alikuja mwanamke mwingine kuchukua nafasi ya Gloriose, na mtoto wake anayeanza kutembea, akaambiwa amweke kule.

Gloriose alikuwa na kishamba cha muhogo juu mlimani, akakilima asubuhi na mapema kabla jua halijapanda. Baada ya hapo alikuwa anashuka ziwani, anaishika kazi yake ya kubeba. Alisimama majini kutwa, ngozi ya miguu ikawa nyeupe na kukunjamana. Ciza alimzoea. Alipenda kulala shavu limebanwa kwenye uti wa mgongo. Siku nyingine Kaneza alitokea na wengine wawili watatu waliokataa kubaki, na Gloriose akawa anawabeba, huyu mgongoni, yule kifuani. Walikuwa wakubwa kidogo kuliko walivyozikwa, na mmoja wao, Gloriose aligundua kwa kumsikiliza sana, alikuwa anaitwa Verediana. Watu waliopita walimsalimia Gloriose vizuri. Wengine walimwambia apumzike.

Matanga yalipoisha Leonia alishuka. Alikuwa amekonda, khanga imemzunguka mara mbili. Winfrida na Yunisi walikuwa nyuma yake, wameshikana mikono. Gloriose alimwona kwa mbali, akafungua fundo la khanga kifuani.

"Nimshike?" Leonia aliuliza alipofika.

"Mshike. Ila usivuke naye hapo mchanga unapokauka."

Leonia alipiga magoti kwenye maji, akampokea mwanawe. Alimtazama masikioni, akamtazama nyuma ya shingo, akampitishia kidole kwenye kitovu. Ciza alimvuta hereni.

"Anakula?" Leonia aliuliza.

"Anakula," Kaneza alisema. "Ila anakuulizia."

"Mnamwambiaje?"

"Namwambia uko kazini."

Leonia alikubali kwa kichwa. Alimtikisatikisa, akimwimbia kitu kidogo cha Kiha, maji yakimpiga kifuani, na wale wawili wengine wakasogea wakamgusa mdogo wao kwenye nyayo. Walikaa hivyo mpaka iliposikika honi kutoka kaskazini. Mashua za dagaa zilikuwa zinaingia, zimejaa, zimezama hadi ukingoni. Juu kwenye chanja msimamizi alipiga filimbi. Wanawake walianza kukimbia na mabeseni, kwa sababu anayewahi ndiye anayepewa wavu wa kuanika, na anayechelewa anarudi nyumbani.

Leonia alimtazama msimamizi. Msimamizi aliwaona Winfrida na Yunisi, akatikisa kichwa kuwakataa kabla hajaulizwa.

Alimrudishia Gloriose mtoto, akamsaidia kufunga khanga, akalivuta fundo mara mbili kuhakikisha. Kisha akachuchumaa mbele ya wasichana wake, akampandisha Yunisi kamba ya gauni begani.

"Kaeni hapa kwa dada Kaneza," aliwaambia. "Msiende mbali. Mmesikia? Hapa hapa."

"Tumesikia."

Aliokota beseni, akapanda mchanga kwa mbio. Alipofika kwenye chanja aligeuka mara moja, akatazama, kisha msimamizi akamwita na akainama. Kaneza alinyoosha mikono yake miwili iliyokuwa mitupu, akamshika Winfrida huku na Yunisi huku. Nyuma ya Leonia, kwenye njia ile ile, wanawake wengine walikuwa wanashuka na wa kwao.